Je, maji ya sinki hubadili mzunguko ukivuka ikweta?
Wanafunzi wa uhandisi wanaotoka Tanzania kwenda Ulaya kutafiti mwendo wa viowevu huambiwa mara nyingi kwamba huko watayaona maji ya sinki yakizunguka kinyume na ya nyumbani. Imani hiyo ina msingi wa kweli, kwa kuwa mzunguko wa dunia ndio unaovifanya vimbunga vya kaskazini na vya kusini mwa ikweta vizunguke kwa mielekeo tofauti. Ndani ya sinki, hata hivyo, athari hiyo ni hafifu mno, na kinachoamua ni umbo la sinki na jinsi maji yalivyomiminwa. Ili kuidhihirisha, watafiti nchini Marekani mwaka 1962 walihitaji chombo cha duara chenye upana wa karibu mita 1.8, kisha wakayaacha maji yatulie takriban saa 24. Hata maonyesho ya beseni wanayoonyeshwa wageni Nanyuki, kando ya mstari wa ikweta, hutegemea mkono wa anayemimina, nami naona ni haki mgeni aelezwe hivyo. Msomaji anaweza kujaza sinki lake, kuyakoroga maji kidogo kuelekea kulia na kufungua kizibo, kisha kurudia kuelekea kushoto: maji yatafuata mkono wake.