Wembamba wa kitambaa si ubaridi wa barakoa

Juzi mama mmoja aliingia kibandani kwangu hapa Malindi, akaweka kipande cha bafta, kile kitambaa chembamba cha pamba, juu ya cherehani na kuniambia, "Fundi, nishonee barakoa za hii, tabaka moja tu, maana Idd tunakwenda kwenye bembea za Makadara kule Mombasa na joto lake nalijua." Mwanawe ana pumu, na mamake mzazi, ambaye atafuatana nao, ndio kwanza amemaliza dawa za saratani, kwa hiyo barakoa kwao si mazoea ya mwaka 2020 yaliyobaki mfukoni. Nilimweleza kwa nini bafta ya tabaka moja itamtesa mtoto, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Lakini fundi, nyembamba si ndiyo baridi?" Nimeulizwa swali hilo mara nyingi kupita kiasi, na nimechoka kulijibu nusu nusu huku mguu uko kwenye cherehani. Miaka hii Idd-ul-Fitr imekuja kuangukia Machi, wakati kaskazi inakatika, upepo unalala na fukuto linabaki, na watu wa Malindi wanasafiri kilomita mia moja na ishirini hivi hadi Mombasa kwenda kujibana katikati ya umati. Basi nalijibu hapa kwa ukamilifu.

Nyembamba si baridi. Pumzi hutoka kinywani ikiwa na joto la nyuzi 34 hivi na imejaa mvuke. Mvuke huo hunaswa na kitambaa, na jasho la mdomo wa juu huongezeka juu yake. Kama hewa ya nje ni kavu na inavuma, maji hayo hukauka haraka na mvaaji huona nafuu. Kila aliyelelewa Pwani anajua habari ya mtungi: siku ya upepo mkavu maji ya mtungini hupoa vizuri kwa sababu mtungi unatoka jasho na jasho linakauka, ilhali siku ya fukuto mtungi hulowa nje na maji yakabaki vuguvugu. Barakoa ni vivyo hivyo. Mchana wa Machi, hewa ya Malindi au Mombasa imeshiba maji kiasi kwamba kitambaa kilicholowa hakina pa kuyapeleka, kiwe kinene au chembamba. Tofauti iliyopo ni kwamba chembamba hulowa chote kwa dakika chache.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wateja wangu hawataki kulisikia, nami nitalisema kwa urefu. Kitambaa chembamba kikilowa hulegea, na kikilegea huangukia midomo. Ukivuta pumzi, kinafyonzwa hadi kwenye meno. Ukiitoa, kinapulizwa nje kama tanga lililokosa kamba. Wakati huo hupumui tena kupitia barakoa nzima. Unapumua kupitia kiduara kidogo kilicho mbele ya kinywa, tena kilicholowa, kwa kuwa sehemu nyingine zote zimelala juu ya ngozi na hazipitishi kitu. Chukua barakoa ya tabaka mbili iliyosimama mbali na uso, umbali wa kidole kimoja hivi kutoka midomoni: hewa inaingia kupitia eneo lake lote, mashavuni, mbele na chini, na ingawa kila sehemu ni nzito kuliko bafta, kazi ya mapafu ni ndogo zaidi. Mtoto mwenye pumu anaitambua tofauti hiyo kabla hujamweleza. Nimewavalisha watoto wa aina hiyo barakoa mbili kwa zamu na kuwaambia wapande na kushuka ngazi za jengo la jirani, na hakuna hata mmoja aliyerudi akichagua ile iliyomgusa mdomo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuangalia ni umbo. Barakoa ya marinda, ile bapa iliyokunjwa mara tatu, inafaa ofisini lakini hulegea mapema kwenye jasho. Kwa siku nzima ya kutembea juani nashona yenye mshono wa katikati, au yenye umbo la mashua, kwa sababu mshono ule ni kama uti wa mgongo: unakisimamisha kitambaa hata kikiwa kibichi. Nikipata mteja mwenye subira, napiga mshono wa pili sambamba na ule wa kwanza, milimita tano pembeni, ili usimame zaidi. Kipimo nakichukua mteja akiwa amefungua kinywa kama anayesema "aa", kutoka kwenye mfupa wa pua hadi chini ya kidevu, kwa kuwa barakoa iliyopimwa kinywa kikiwa kimefungwa huteremka puani kila mtu anapozungumza, na kwenye bembea watu hawazungumzi tu, wanapiga kelele.

Juu puani lazima kuwe na waya. Miwani ikifanya ukungu, pumzi inapanda juu badala ya kupita kwenye kitambaa, na macho yatawasha mpaka jioni. Natumia kipande cha alumini. Waya wa chuma haumalizi mwezi katika hewa ya chumvi ya hapa bila kushika kutu na kuacha alama ya hudhurungi kwenye kitambaa cheupe.

Sasa kitambaa chenyewe. Pamba hunyonya maji na poliesta hukaribia kutonyonya kabisa: katika hewa ya kawaida ya maabara pamba hubeba maji kiasi cha asilimia 8.5 ya uzito wake, na poliesta asilimia 0.4 tu. Ndiyo maana tabaka la ndani, linalogusa ngozi, ninalishona kwa pamba iliyofumwa vizuri kama poplini, au leso ya pamba iliyofuliwa mara kadhaa. Nasisitiza kufuliwa, kwa sababu leso mpya huja na wanga na wanga ule ukichanganyika na jasho huziba na kuleta harara. Asiyejua kama leso yake ni pamba akate uzi mmoja pindoni na kuuchoma: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu.

Juu ya tabaka la nje nina mashaka, na sitayaficha. Mwezi Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri barakoa ya kitambaa iwe na tabaka tatu: ndani kitu kinachonyonya kama pamba, katikati kitambaa kisichofumwa cha polipropilini, na nje kitu kinachokataa maji kama poliesta. Nilishona hivyo kwa uaminifu mwaka ule wote. Zilikuwa nzuri asubuhi. Ikifika saa saba mchana niliwaona wateja wangu sokoni wamezishusha kidevuni, na barakoa iliyo kidevuni haimkingi mtu yeyote. Tangu hapo, kwa siku za fukuto, nashona tabaka mbili za pamba zilizofumwa kwa kubana, umbo likiwa limesimama, na napendekeza tatu kwa msimu wa kusi. Wapo waliojaribu poliesta nje na pamba ndani wakaniambia wanaona nafuu kwa sababu uso wa nje haulowi. Wapo walionirudishia barakoa hizo, mashavu yao yamejaa vipele. Bado sijakata shauri, na kila mwaka nabadilisha kidogo.

Kuna aina mbili ambazo sizishoni kwa malipo yoyote. Ya kwanza ni ile ya sifongo nyeusi inayovutika, ambayo vijana wanaipenda kwa kuwa ni nyepesi na inakaa usoni vizuri kwenye picha. Wepesi wake unatokana na matundu, na ile inayovutika zaidi ndiyo inayofungua matundu hayo zaidi. Inue juani utazame, au washa mshumaa ukiwa umeivaa na upulize kutoka umbali wa mkono mmoja: mwali ukizimika mara moja, umelipa bei ya pambo. Ya pili ni soksi ya shingoni inayopandishwa usoni. Mteja wangu mmoja aliyekuwa na safari ya Marekani mapema mwaka 2021 alitaka nimshonee soksi hizo kwa ajili ya watoto, akiamini kwamba kwenye bustani za burudani za nchi ya joto ndizo zinazovaliwa. Ukweli ulikuwa kinyume. Bustani za Walt Disney World, huko Florida, zilianza kufunguliwa tena mwezi Julai 2020, na katika kiangazi kile masharti yao yalitaka barakoa ya tabaka mbili au zaidi, inayofunika pua na kushika chini ya kidevu, yenye kamba au mipira ya masikioni. Soksi za shingoni, vitambaa vya kufunga usoni kwa pembe tatu na barakoa zenye vali, ule mlango mdogo wa kutolea pumzi, zilikataliwa. Julai, ambayo kwetu ni mwezi wa kusi na ubaridi, kule ni kilele cha joto na unyevu, na bado hawakulegeza tabaka. Waliruhusu mtu kuishusha anapokula au kunywa akiwa amesimama mahali pamoja, na hiyo ndiyo nafuu ya kweli: kupumzika kivulini mbali na watu, kunywa maji, kisha kuvaa nyingine iliyo kavu.

Vali nayo inahitaji maneno mawili. Hutoa pumzi bila kuichuja, kwa hiyo haiwasaidii sana walio karibu nawe, ila mvaaji mwenyewe hapungukiwi na kinga anapovuta hewa na anaona joto kidogo. Kwa nyanya aliyetoka kwenye matibabu ya saratani sikushona kitu. Nilimwambia binti yake aende duka la dawa akamnunulie N95, ambayo imetengenezwa kuchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, au KF94 ya Korea, ambayo ina umbo la mashua na haigusi midomo. Kitambaa changu, hata nikishone vipi, hakifiki hapo. Nilimwonya pia asizifue. Tabaka lao la katikati ni nyuzi za polipropilini zilizotiwa chaji ya umeme tuli, na sabuni au spiriti huiharibu chaji hiyo, ikabaki sura ya barakoa bila kazi yake.

Mipira ya masikioni kwa siku nzima huumiza, na kwa mwanamke aliyevaa mtandio ni taabu zaidi, kwani kubadilisha barakoa kunamlazimu kufunua kichwa mbele za watu. Kwake nashona kamba mbili ndefu za kitambaa zinazofungwa kisogoni juu ya mtandio. Kamba hizo pia hazichomoki bembea inapozunguka kwa kasi. Anayevaa nikabu asihesabu nikabu kuwa barakoa, maana inaning'inia wazi upande wa chini. Avae barakoa ya umbo la mashua ndani yake, na kwa kuwa imesimama, itaiinua nikabu kidogo na kumpa nafasi ya kupumua.

Rangi nyeusi hupata joto zaidi juani, lakini tofauti yake ni ndogo mbele ya haya mengine.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni kulowesha barakoa kwa maji baridi kabla ya kuvaa. Wanasema inapoza. Inapoza dakika tatu, kisha mtu anavuta pumzi kupitia kitambaa ambacho matundu yake yamejaa maji, na hewa inatafuta njia pembeni. Kwa mtoto mwenye pumu ni hatari, na nawaomba wazazi waache. Vivyo hivyo wasiifukize udi. Najua nguo za Idd hazivaliwi bila udi na mimi mwenyewe nafukiza kanzu za wanangu, lakini moshi ule ukikaa kwenye kitambaa kilicho mbele ya pua ya mwenye pumu utaleta shambulio ambalo barakoa ilivaliwa kulizuia. Kwenye michezo ya maji, barakoa ivuliwe kabisa na iwekwe mahali pakavu. Moshi wa jenereta nao hauzuiliwi na barakoa ya kitambaa wala ya hospitali, kwa sababu gesi si vumbi. Dawa yake ni kusogea upande unakotoka upepo.

Yule mama aliondoka bila bafta yake. Mwanawe, ambaye ana miaka minane, nilimshonea barakoa tano za poplini, tabaka mbili, mshono katikati: moja ya kupandia matatu asubuhi, tatu za kubadilisha kila inapolowa, moja ya kurudia. Nilimpa mfuko wa leso kwa zilizo kavu na mwingine kwa mbichi, nikamwomba mtoto azivae nyumbani siku mbili kabla ya safari ili tujue panapombana. Mama aliniuliza kuhusu mdogo wa mtoto huyo, wa mwaka mmoja na nusu, nikakataa kumpima, kwani aliye chini ya miaka miwili havalishwi barakoa hata kidogo. Huyo abaki na shangazi yake Malindi, au apelekwe asubuhi mapema kabla umati haujafika.