Madoa meupe ya samaki wa bahari: kwa nini tiba ya shaba huhesabiwa kwa siku

Ugonjwa wa madoa meupe wa samaki wa maji ya chumvi huletwa na kimelea cha seli moja kiitwacho Cryptocaryon irritans, ambacho hujipenyeza chini ya ngozi ya samaki na ndani ya matamvua yake, kikajilisha humo. Hapa Lubumbashi wengi wetu tulianza kufuga samaki wa Ziwa Tanganyika, tukazoea madoa meupe ya maji matamu, yaani Ichthyophthirius multifiliis, ambayo hutibiwa kwa kupandisha joto na kuongeza chumvi kidogo. Madoa hayo yanafanana machoni tu. Kimelea cha bahari kinaishi katika chumvi, na joto halikiui. Anayekitibu kwa mazoea ya maji matamu humpoteza samaki.

Ili kuielewa tiba, ni lazima kwanza kuyafuata maisha ya kimelea chenyewe. Hukaa juu ya samaki siku 3 hadi 7, kikila na kukua, halafu huachia na kuanguka chini, mara nyingi gizani. Huko chini hung'ang'ania jiwe, mchanga au kioo, hujijengea kifuko kigumu, na ndani yake hugawanyika mara nyingi hadi kuwa watoto wanaoweza kufika mamia. Kifuko hakipasuki kabla ya siku 3 hivi. Vingi hupasuka ndani ya wiki 4, lakini vimewahi kuonekana vilivyochukua siku 72. Watoto wanaotoka huogelea wakimtafuta samaki, na wasipompata kwa siku moja au mbili, hufa.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo kiini cha jambo lote. Kikiwa chini ya ngozi, kimelea kimefunikwa na mwili wa samaki. Kikiwa ndani ya kifuko, kimefunikwa na ukuta wake mwenyewe. Shaba hukifikia kinapoogelea tu. Kwa sababu hiyo, kuzidisha dawa hakuharakishi uponyaji hata kidogo, bali humtia samaki sumu.

Niliwahi kumwangalia kangaja wangu usiku kwa tochi ya simu, nikiwa nimesogea kabisa kwenye kioo. Kila doa lilikuwa kama punje ya chumvi ya mezani, limeinuka kidogo juu ya ngozi, na kwenye pezi moja la kifuani nilihesabu 11. Asubuhi ya siku ya tatu hakukuwa na hata moja, nami nikaamini kwamba amepona, nikaacha dawa. Baada ya siku 9 madoa yalirudi yakiwa mengi kuliko mwanzo, na safari hii vifuniko vya matamvua vilikuwa vikipiga haraka bila kutulia. Kupotea kwa madoa kulikuwa na maana moja tu: vimelea vilikuwa vimeshuka chini kuzaliana.

Shaba, au mukuba kama tunavyosema mtaani, ni madini ambayo mji wetu unaishi kwayo, na jimbo zima liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Hata hivyo, kipande cha waya au jiwe la mgodini lisiingizwe kamwe ndani ya tangi, kwa kuwa kiasi chake hakipimiki na mawe yetu huja pamoja na kobalti na madini mengine. Kipimo cha shaba ya kawaida ni miligramu 0.15 hadi 0.25 kwa lita. Tangi la lita 40 likiwekwa miligramu 0.20 kwa lita linahitaji miligramu 8 tu za shaba, ambazo ni kama miligramu 31 za salfati ya shaba. Dawa ambazo shaba yake imefungwa kikemikali zina vipimo vikubwa zaidi, kwa hiyo zifuatwe kama lebo inavyosema. Kiwango hupandishwa polepole kwa siku kadhaa, hupimwa kila siku, na hudumishwa siku 14 hadi 30 bila kushuka. Kazi hii hufanyika katika tangi la pembeni lisilo na mchanga wala mawe, kwa maana chokaa hunyonya shaba, na shaba hiyo hiyo huua matumbawe, kamba na konokono.

Mimi binafsi, kwa mazingira yetu, hupendelea kupunguza chumvi. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Yakishushwa taratibu kwa siku 2 hadi gramu 15, na kubaki hapo wiki 3 au zaidi, vifuko huharibika huku samaki wengi wakistahimili. Maji yenye chumvi ndogo pia hubeba oksijeni zaidi, jambo lenye uzito katika mji ulio mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na umeme hukatika matamvua yakiwa tayari yamejeruhiwa. Pampu ya hewa ya betri iwe karibu wakati wote wa tiba. Njia hii, hata hivyo, haitibu ugonjwa wa vumbi la dhahabu, Amyloodinium ocellatum, unaoua upesi zaidi. Huo unahitaji shaba.

Wakati samaki wote wanatibiwa pembeni, tangi kubwa lenye matumbawe hubaki bila samaki hata mmoja kwa siku 76, ili hata kifuko kilichochelewa kipasuke na watoto wake wasipate pa kushika. Katika siku hizo wavu, ndoo na mpira wa kuvutia maji wa tangi moja visiguse tangi jingine hadi vioshwe kwa maji matamu na kukauka kabisa, kwa sababu tone moja la maji linatosha kuvihamisha vimelea na kuirudisha hesabu kwenye siku ya kwanza.