Je, wajua? Sarafu ya Maria Theresa inasema 1780, hata ikiwa imetengenezwa juzi

Kwenye maduka ya vito vya fedha ya soko la Muttrah, Oman, utaonyeshwa sarafu pana yenye sura ya mwanamke mnene aliyejitanda ushungi. Upande wa pili kuna tai wa vichwa viwili na mwaka 1780. Ukiambiwa ina umri wa zaidi ya miaka 240, usikubali haraka. Karibu zote unazoweza kukutana nazo zilitengenezwa baadaye, nyingine katika karne ya 20.

Maria Theresa, mtawala wa Austria, alifariki Novemba 1780. Sarafu yake ilikuwa imeshazoeleka Misri, Bahari ya Shamu, Yemen na Uhabeshi (Ethiopia), ambako wafanyabiashara wa Ulaya waliitumia kununua kahawa na bidhaa nyingine. Baadaye ikatumika pia Oman, na huko Zanzibar ilikuwa miongoni mwa reale, yaani sarafu kubwa za fedha, zilizopita mikononi mwa watu. Kiwanda cha Vienna kiliendelea kuitengeneza bila kugusa mwaka wala sura. Mwaka 1858 ilikoma kuwa fedha halali nchini Austria kwenyewe, lakini ng'ambo iliendelea kuhitajiwa.

Kwa nini hawakubadilisha mwaka? Fikiria noti ya dola ya toleo la zamani. Kisheria ni halali kabisa, lakini mwenye duka la kubadilisha fedha anaweza kuikataa au kuikata bei. Hana shaka na serikali ya Marekani. Anachohofia ni kwamba mteja atakayemfuata ataikataa. Mteja huyo naye anamhofia mwingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa reale hii, ila kwa upande wa pili: toleo la zamani ndilo lililoaminika, na jipya ndilo lililotiliwa shaka. Mpokeaji hakuhitaji kusoma Kilatini. Alizijua sura, ushungi na lulu za bruchi (pini ya pambo) begani, na maandishi yaliyoinuka ukingoni yalimhakikishia kuwa hakuna aliyekwangua fedha pembeni. Kubadilisha chochote kungeivunja imani hiyo.

Imani ilikuwa kubwa kiasi cha kuingia katika siasa. Mwaka 1935 Italia, ikijiandaa kuivamia Uhabeshi, ilipata kutoka Austria haki ya kuitengeneza huko Roma. Haukupita muda, London, Paris na Brussels nazo zikatengeneza za kwao, na baadaye Bombay na Birmingham. Zote zimeandikwa 1780.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanaponaswa. Wanasikia kwamba sarafu za asili zilitoka Günzburg, mji ulio Ujerumani ya leo, zikiwa na herufi S.F. chini ya kifua, za maofisa wawili wa kiwanda hicho. Ni kweli, lakini herufi hizo zilinakiliwa pia kwenye matoleo ya baadaye. S.F. peke yake haithibitishi umri. Wajuzi hutofautisha viwanda kwa mambo madogo kama umbo la manyoya ya tai na mpangilio wa lulu, tena kwa kulinganisha na picha za sarafu zilizokwisha kutambuliwa. Mng'ao kama wa kioo ni dalili ya toleo jipya la Vienna, ambako bado inatengenezwa.

Kwa hiyo usilipie umri. Lipia madini ya fedha yaliyomo. Sarafu nzima ina uzito wa gramu 28.07 na upana wa karibu milimita 40. Fedha ni asilimia 83.3, yaani gramu 23.39. Zidisha bei ya aunsi ya fedha (gramu 31.1) kwa 0.752 upate thamani ya madini. Toleo la kawaida halistahili kupita hapo kwa mengi. Kwa kulinganisha, shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946 ina gramu 1.94 tu za fedha, kwa hiyo zinahitajika kama 12 kufikia reale moja. Za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa.

Sumaku haitoshi kuibaini ya bandia, kwa kuwa hata shaba haivutwi. Tumia maji. Pima sarafu ikiwa kavu kwenye mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Kisha weka bilauri yenye maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa kitako wala ubavu. Mizani isome karibu 2.75. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Jibu liwe karibu 10.2. Ukipata kati ya 8.5 na 9, ni shaba au mchanganyiko wake na nikeli. Ukipata zaidi ya 11, shuku risasi. Mapovu yakiganda kwenye sarafu huongeza usomaji na kuifanya nzuri ionekane mbovu, kwa hiyo itikise kwanza ndani ya maji. Ikigusa kitako, namba itaruka juu, anza upya.

Kagua pia ukingo juu, mahali ambapo sonara huchomelea kitanzi cha mkufu. Alama ya lehemu hushusha bei kwa mkusanyaji, japo fedha inabaki ileile. Weusi usiusugue kwa majivu wala dawa ya meno: mikwaruzo haitoki tena.