Kuacha nyama: ipi, na mnyama alilishwa nini?

Kwa kuwa kazi yangu ni lishe ya mifugo, huulizwa mara kwa mara iwapo kuacha nyama kunaokoa mazingira, nami hutaka kwanza kujua inazungumzwa nyama ipi.

Ng'ombe akishakula, vijidudu vilivyomo katika chumba cha kwanza cha tumbo lake huchachusha majani na kutoa methani, ambayo kwa sehemu kubwa humtoka mdomoni anapobeua. Gesi hiyo hukaa angani miaka 12 hivi, lakini kwa kipimo cha miaka 100 tani yake moja huipasha dunia joto takriban mara 28 ya tani ya kabonidioksidi. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa ufugaji, pamoja na kilimo cha vyakula vya mifugo, unachangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazosababishwa na binadamu.

Wapo wanaosema ng'ombe wa Simanjiro, wilaya ya wafugaji kaskazini mwa Tanzania, hahusiki, kwa sababu hugeuza nyasi tusizoweza kuzila kuwa maziwa na nyama, katika ardhi ambayo mvua yake haitoshi kulimia mahindi. Hoja ya nyasi ni ya kweli, nami huitetea kwa nguvu zote. Hata hivyo, ng'ombe huyo hukonda kila kiangazi na huchukua miaka mingi kufikia uzito wa kuchinjwa, akibeua muda wote huo, hivyo kila kilo ya nyama yake hubeba methani nyingi. Malisho bora na josho la uhakika la kuua kupe hupunguza tatizo hilo bila kumnyang'anya mfugaji riziki yake.

Kuku wa kisasa hutoa gesi kidogo, na wengi wa mjini humkimbilia wakidhani wamemaliza deni. Mimi naona deni la kimaadili likikua, kwani chakula chake huchanganywa mahindi, soya na dagaa wa Ziwa Victoria, ambao wangefaa sahani ya mtoto. Kuku wa mayai naye hufungiwa katika kizimba cha waya asimoweza kutandaza mabawa, aina ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kuanzia 2012. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na ningependa isimamiwe mabandani na katika malori ya ng'ombe waendao mnada wa Pugu, Dar es Salaam.

Anayepaswa kupunguza ni mlaji wa mjini anayekula nyama kila siku. Anayeacha pia mayai na maziwa ahakikishe anapata vitamini B12 ya nyongeza, hasa akiwa mjamzito, kwa sababu maharage na kunde hazina.