Uhusiano wa binadamu na mnyama: ni nini hasa, na afya inafaidikaje

Kufuga mnyama ni jambo moja, kuwa na uhusiano naye ni jambo jingine. Mbwa anayeshinda mnyororoni nyuma ya nyumba, akatupiwa ugali jioni na kufunguliwa usiku alinde, ana mwenyewe, lakini uhusiano unaozungumziwa na wataalamu wa afya haupo hapo. Chama cha Madaktari wa Mifugo cha Marekani kinaueleza kuwa ni mahusiano yenye manufaa kwa mtu na kwa mnyama, yanayobadilika kadiri muda unavyokwenda, na yanayojengwa na matendo ambayo afya ya wote wawili inayahitaji. Kwa hiyo mnyama akiishi kwa hofu, mtu naye hapati anachokitafuta.

Njia kuu inayotajwa ya jinsi uhusiano huu unavyofanya kazi mwilini ni homoni ya oksitosini, ile ile inayokaza mji wa mimba wakati wa uchungu na kusukuma maziwa mtoto anaponyonya. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Azabu, Japani, waliwaacha watu na mbwa wao chumbani kwa dakika 30, wakapima mkojo kabla na baada. Pale mbwa na mwenyewe walipotazamana kwa muda mrefu, oksitosini ilipanda kwa wote wawili. Mbwa mwitu waliolelewa na watu (wale wa nchi za baridi, si hawa wa Serengeti) hawakuonyesha hali hiyo.

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anaifahamu homoni hii hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Kabla ya kukamua, humwacha ndama anyonye kidogo, au huosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu na kukikanda kwa kama dakika moja. Mguso huo unaamsha oksitosini, na maziwa hushuka ndani ya dakika moja au mbili. Nguvu yake haidumu: baada ya dakika tano hadi nane inakuwa imepungua, ndiyo maana mkamuaji mzuri haachi chuchu akapokea simu. Ukimpigia kelele ng'ombe, ukamchapa, au ukaleta mkamuaji asiyemjua, mwili wake unamwaga adrenalini, homoni ya hofu na mshtuko, mishipa ya damu ya kiwele inabana, na oksitosini haifiki inakotakiwa. Ng'ombe anazuia maziwa. Yanayobaki ndani hupunguza uzalishaji na huwapa nafasi vijidudu vya ugonjwa wa kiwele. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza kilitoa matokeo ya uchunguzi wa wafugaji 516: waliowaita ng'ombe wao kwa majina walipata wastani wa lita 258 zaidi kwa kila ng'ombe kwa mwaka. Jina lenyewe halitoi maziwa, bila shaka. Anayemjua kila ng'ombe wake ndiye pia anayemshika kwa upole na kuona mapema kuwa leo hajala. Mfugaji wa Kimaasai hatakuta jipya hapo.

Kwa upande wa binadamu, utafiti unaotajwa sana ni wa mwaka 1980, ulioongozwa na Erika Friedmann huko Marekani. Wagonjwa 92 waliokuwa wamelazwa kwa maradhi ya moyo walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Kati ya 39 wasio na mnyama nyumbani walifariki 11; kati ya 53 waliokuwa naye walifariki 3. Tofauti ni kubwa, lakini isomwe kwa tahadhari. Watu ni wachache, na huenda mwenye nguvu za kumtunza mnyama tayari ana hali bora kuliko mwenzake. Chama cha Moyo cha Marekani kilipopitia ushahidi mwaka 2013 kilisema kufuga, hasa mbwa, kunaweza kuhusiana na kupungua kwa hatari ya maradhi ya moyo, ila mtu asichukue mnyama kwa lengo hilo kuu. Nakubaliana nao: mwenye presha anahitaji dawa zake, pamoja na mnyama au bila mnyama.

Ushahidi wa msongo wa mawazo umekaa vizuri zaidi. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kiliwagawa wanafunzi 249 katika makundi manne bila upendeleo. Waliowapapasa paka na mbwa kwa dakika 10 walikuwa na kotisoli, homoni ya msongo, kidogo zaidi katika mate kuliko waliowatazama wenzao wakifanya hivyo, waliotazama picha za wanyama, na waliokaa wakisubiri zamu. Faida ilikuja kwa kugusa.

Faida nyingine zinapitia kwenye ratiba. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima atembee au afanye zoezi la wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Nusu saa na mbwa, siku tano, inatosha. Mbwa akizungushwa na mlinzi, faida ni ya mlinzi. Na kwa mzee anayeishi peke yake, kuku wa kufunguliwa alfajiri wanampa sababu ya kuamka. Pwani, ambako Waislamu wengi hawaingizi mbwa ndani kwa sababu ya unajisi, paka anafaa bila shida.

Namna ya kumkaribia paka ina kanuni zake. Chuchumaa ubavu ubavu, usimkodolee macho. Nyoosha mkono chini, vidole vimekunjwa, halafu umwache yeye aje anuse. Mguse mashavuni, chini ya kidevu au penye mizizi ya masikio. Tumbo na shina la mkia viache. Papasa kwa sekunde tatu, simama. Akisukuma kichwa mkononi, endelea. Akilaza masikio, akipigapiga mkia au ngozi ya mgongo ikitetemeka, ametosheka, na kitakachofuata ni kucha. Mbwa usimpitishie mkono juu ya kichwa, anza kifuani. Mbwa anayepiga miayo bila usingizi, kujilamba midomo au kuonyesha weupe wa macho ana hofu, hata kama anatikisa mkia. Watoto wadogo huumwa usoni kwa sababu wanamkumbatia mbwa wa namna hiyo, kwa hiyo wasiachwe naye peke yao.

Umri nao una uzito. Mtoto wa paka huzoea watu kwa urahisi kati ya wiki ya 2 na ya 7, wa mbwa kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi. Asiyeshikwa na watu kipindi hicho anaweza kufundishika baadaye, lakini kwa kazi kubwa.

Ukaribu huu una hatari zake pia. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakina tiba, na karibu wote wanaokipata wameumwa na mbwa. Mbwa achanjwe kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka au kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya toksoplasma, ambavyo huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Mchanga wake ukisafishwa kila siku, hatari hupungua sana, na mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Kwa wenye ng'ombe na mbuzi, ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela, hupitia maziwa mabichi na majimaji ya uzazi. Maziwa yachemshwe, anayemsaidia mnyama kuzaa avae glavu, na kondo la nyuma lifukiwe chini sana, mbwa wasilifukue.