Taasisi za utafiti wa usalama si idara za ujasusi

Wengi huamini kwamba taasisi isiyolenga faida inayochunguza usalama wa kanda na uhusiano wa kimataifa ni tawi la siri la idara ya ujasusi, eti kwa kuwa inazungumzia silaha, mipaka na majeshi. Dhana hiyo si sahihi, na huwanyima wananchi maarifa yaliyoandaliwa kwa ajili yao.

Chukua mfano wa SIPRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa amani, iliyoanzishwa Stockholm, Uswidi, mwaka 1966. Kanzidata yake ya biashara ya silaha kubwa, yenye taarifa tangu mwaka 1950, hujengwa kwa vyanzo vilivyo wazi pekee: mtafiti hupitia magazeti, majarida ya kijeshi na nyaraka rasmi za serikali, kisha hulinganisha idadi ya ndege zilizoagizwa na zile zilizokwisha kupokewa. Matokeo yake husomwa na yeyote bila malipo.

Ni kweli kwamba SIPRI hupokea ruzuku ya serikali ya Uswidi, na swali la nani analipa ni la haki kabisa; ningeshauri liulizwe kila mara. Hata hivyo, kufadhiliwa si sawa na kuamriwa.

Kanuni ya Chatham House, taasisi ya London inayochunguza uhusiano wa kimataifa, iliyotungwa mwaka 1927, nayo hueleweka visivyo, kana kwamba ni usiri wa kijasusi. Inapotumika, huruhusu yaliyosemwa mkutanoni yatumike nje, ila hukataza kumtambulisha aliyeyasema, ili afisa aweze kukiri udhaifu wa sera ya nchi yake bila kuhofia kupoteza kazi.