Kidonda cha mdomoni hakipimwi kwa damu

Vialama vya vinasaba vya saratani ni vitu gani?
Ni alama ndani ya chembe za uvimbe: jeni zilizoharibika, protini, au athari za virusi. Protini ya p16 huashiria kirusi cha HPV katika saratani ya findo na shina la ulimi. Kirusi kingine, EBV, hutafutwa katika saratani ya nyuma ya pua. Kwa kidonda cha shavuni au ufizini p16 haina faida kubwa, na huko ndiko wanaokula tambuu wanakougulia.

Basi nipimwe damu, nisikatwe.
Hapana. Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha saratani ya mdomo. Huchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha kidonda, kikaangaliwa kwa hadubini, na vialama hupimwa kwenye kinyama hichohicho. Anayekataa kinyama hana cha kupimwa. Hata EBV ikionekana kwenye damu, bado kinyama kitatakiwa.

Si wanasema saratani ikiguswa na kisu husambaa?
Husambaa kwa kuachwa. Mgonjwa hukaa miezi na dawa za kusukutua, anafika spitali shavu limetoboka, anakatwa kinyama, anafariki baada ya wiki chache, na lawama anabebeshwa daktari. Saratani ilikwishashuka shingoni kabla kisu hakijatolewa kabatini! Kinachotolewa ni kipande kidogo, kwa ganzi, kwenye ukingo wa kidonda. Katikati kuna nyama iliyokufa, haitoi jibu. Tunarudia kwa sababu tunaulizwa kila siku: kukatwa kinyama hakusambazi saratani ya mdomo. Kungoja ndiko kunakoipa nafasi.

Na uvimbe wa shingo?
Usichanjwe, usikandwe. Uchunguzi huanza kwa sindano nyembamba ya kufyonza chembe, na koo lote hukaguliwa, maana mara nyingi chanzo kiko huko. Chembe za uvimbe huo zikionesha p16, daktari hutazama findo na shina la ulimi kwanza.

Kinyama kinasafirishwaje?
Mara kinapotoka kitiwe kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhia kinyama kisioze) ya asilimia 10, ujazo wake angalau mara 10 ya kinyama. Si maji ya chumvi: humo kitaoza kabla boti ya kutoka Zanzibar haijafika Dar es Salaam. Wala kisisahauliwe kabatini wiki kadhaa, kwani fomalini nayo hukatakata vinasaba. Kichupa kiandikwe jina, umri, mahali kilipotoka na upande.

Nijaribu mafuta ya karafuu kwanza?
Karafuu hutia ganzi. Maumivu yanatulia, uvimbe unakua. Na saratani changa aghlabu haiumi kabisa, kwa hiyo “hakiniumi” si hoja. Kidonda cha kawaida hupona ndani ya wiki mbili. Kikipita wiki tatu, au utandu mweupe au mwekundu usiotoka, au sauti kukauka kwa muda huohuo, nenda kituo cha afya udai rufaa ya spitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au ya Abdalla Mzee kwa walio Pemba. Wiki tatu, si miezi mitatu.

Mimi tambuu nala bila ya tumbaku.
Popoo peke yake inaleta saratani. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiainisha hivyo mwaka 2004. Jipime leo: panua mdomo, pitisha vidole vitatu wima kati ya meno. Visipopita, huenda popoo imeshaanza kukaza mashavu. Iache, na uende ukaangaliwe hata kama kidonda hukioni.